Barua ya Wazi kwa Shirika la Anga za Juu na Taasisi ya Mitaala: Uhai wa Mbali Ufundishwe kwa Mifano ya Ziwani

Kwa: Shirika la Anga za Juu la Kenya (KSA) na Taasisi ya Kukuza Mitaala nchini (KICD), Nairobi
Kutoka: Manyatta, Kisumu

KUH: KUFUNDISHA UTAFUTAJI WA UHAI NJE YA DUNIA KATIKA SHULE ZA UKANDA WA ZIWA

Utafutaji wa uhai nje ya Dunia ni kazi ya kisayansi yenye swali moja kubwa: ni dalili gani ambayo kiumbe hai pekee ndicho kiwezacho kuiacha? Swali hilo huulizwa kwa njia nne. Ya kwanza ni kupima udongo, mawe na maji ya sayari na miezi inayofikiwa na vyombo vya anga. Ya pili ni kuchunguza mawe yanayoanguka kutoka angani au yanayoletwa na vyombo hivyo. Ya tatu ni kusoma mwanga wa sayari zinazozunguka nyota nyingine. Ya nne ni kusikiliza mawimbi ya redio ambayo huenda yametumwa na viumbe wenye ufundi. Hadi leo hakuna njia iliyothibitisha uhai popote nje ya Dunia. Kilichobadilika ni ukubwa wa uwanja wa kutafutia. Mwaka 1995 Michel Mayor na Didier Queloz wa Chuo Kikuu cha Geneva walitangaza sayari ya kwanza inayozunguka nyota inayofanana na Jua. Kufikia Septemba 2025, sayari zilizothibitishwa kuzunguka nyota nyingine zilikuwa zimepita 6,000.

Katika shule za Manyatta na za ufuko mzima wa Ziwa Victoria upande wa Kenya, habari hizi hupokewa kama mambo ya nchi nyingine, yanayohitaji fedha nyingi na darubini ambazo mtoto wa hapa hatazigusa. Dhana hiyo si sahihi. Karibu kila mbinu inayotumika kutafuta uhai wa mbali ina mfano wake hai kando ya ziwa au kwingineko Afrika Mashariki, na mingi ya mifano hiyo inafikika kwa matatu ndani ya siku moja. Barua hii inaeleza mbinu hizo kwa utaratibu, kisha inaweka mbele ya KSA na KICD mambo sita yanayowezekana.

Mbinu ya kwanza inafanyika Manyatta kila sampuli ya maji inapopelekwa maabara. Mtaa huu, uliogawanyika kuwa Manyatta A na Manyatta B, una nyumba zilizosongamana, vyoo vya shimo na visima vifupi vilivyochimbwa kwa mkono, mara nyingi ndani ya ploti moja. Tafiti za maji ya visima hivyo zimekuta bakteria wa kinyesi mara kwa mara. Bakteria hao hawaonekani kwa macho, na maji yanayowabeba yanaweza kuwa meupe na yasiyo na harufu. Ili kuwagundua, mpimaji huwalisha. Huchukua sampuli, huiweka kwenye mchuzi wa virutubishi wenye laktosi, yaani sukari ya maziwa, na kuihifadhi kwenye joto la nyuzi 44 hivi kwa saa 24 hadi 48. Mchuzi ukibadilika rangi na gesi ikatokea, kuna kitu kilichokula sukari hiyo. Pembeni huwekwa chupa ya pili yenye maji yanayojulikana kuwa hayana kiumbe. Chupa hiyo ikibadilika nayo, jaribio zima halina thamani na huanzwa upya.

Marekani ilitafuta uhai kwenye sayari ya Mirihi kwa wazo lilo hilo. Chombo Viking 1 kilitua tarehe 20 Julai 1976 na Viking 2 tarehe 3 Septemba mwaka huohuo. Katika jaribio mojawapo, virutubishi vyenye kaboni-14 vilidondoshwa juu ya udongo wa Mirihi, na gesi yenye kaboni hiyo ikatoka kwa kasi. Udongo uliotangulia kupashwa joto hadi nyuzi 160 haukutoa gesi kwa namna hiyo. Kwa kigezo cha maabara ya maji, matokeo hayo yangesomwa kuwa kiumbe kilikuwapo na joto likakiua. Hata hivyo, kifaa kingine ndani ya vyombo hivyo kilichotafuta kemikali za kaboni hakikupata zozote zilizoweza kuhesabiwa kuwa za Mirihi yenyewe. Wanasayansi wengi wakahitimisha kwamba kemikali kali za udongo ndizo zilizovunja virutubishi. Kisha mwaka 2008 chombo Phoenix kikagundua chumvi za pakloreti kwenye udongo wa Mirihi. Chumvi hizo zikipashwa joto huharibu kemikali za kaboni, na kifaa kile cha pili kilitegemea kupasha udongo joto. Hivyo hata ushahidi wa kutokuwapo kwa kaboni ukaingia shaka.

Tofauti kati ya kisima cha Manyatta na udongo wa Mirihi ndiyo somo lenyewe. Kisimani, bakteria anayetafutwa anajulikana: chakula chake, joto linalomfaa na gesi anayoitoa. Kwenye Mirihi hakuna ajuaye kiumbe cha huko kingekula nini, na kemia ya udongo inaweza kuiga kazi ya kiumbe. Mwanafunzi aliyewahi kuona chupa mbili zikilinganishwa ataelewa kwa nini dalili moja, hata ikiwa na nguvu kiasi gani, haitoshi kutangaza uhai.

Baada ya Viking, mkazo ulihama kutoka kulisha udongo hadi kusoma matope ya kale. Chombo Perseverance kilitua tarehe 18 Februari 2021 ndani ya Jezero, shimo lenye upana wa kilomita 45 hivi. Zaidi ya miaka bilioni 3 iliyopita mto uliingia humo, ukajaza ziwa na kuacha delta. Jinsi delta inavyojengeka inaonekana wazi mashariki mwa Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria. Mto Nyando hushuka kutoka nyanda za juu za Nandi na Kericho ukiwa na udongo mwekundu, hupunguza mwendo unapofika ziwani, na mzigo wake hutua tabaka juu ya tabaka. Mabaki ya mimea na viumbe vidogo hufukiwa humo pamoja na udongo. Chini ya matope, ambako oksijeni haifiki, bakteria huendelea kula mabaki hayo kwa kutumia chuma na salfati badala ya oksijeni, na kazi yao huacha madini mapya.

Julai 2024 Perseverance ilichimba mwamba uliopewa jina la Cheyava Falls, kando ya bonde la mto uliokuwa ukilisha Jezero, na kuchukua kipande kilichoitwa Sapphire Canyon. Mwamba huo wa matope yaliyoganda una madoa yenye vivianaiti, ambayo ni fosfati ya chuma, na greigaiti, ambayo ni salfaidi ya chuma, pamoja na kemikali za kaboni. Duniani, madini hayo mawili hutokea mara nyingi kwenye matope ambamo bakteria wamefanya kazi. Yanaweza pia kutokea bila kiumbe, katika hali fulani za joto na asidi. Makala ya watafiti iliyochapishwa katika jarida la Nature Septemba 2025 iliuita ugunduzi huo dalili inayowezekana ya uhai, ikaishia hapo. Kipande chenyewe kingali kwenye Mirihi. Kukisoma kikamilifu kunahitaji maabara za Duniani.

Sehemu nyingine ya utafutaji ni kujua mipaka ya uhai: joto gani, chumvi kiasi gani, magadi kiasi gani. Kwa hili ufuko wa ziwa una mahali pa thamani kubwa. Simbi Nyaima, karibu na Kendu Bay katika Kaunti ya Homa Bay, ni ziwa dogo la duara ndani ya shimo la volkano, lenye kina cha zaidi ya mita 20. Msafiri wa kutoka Kisumu hulifikia kwa kupitia Ahero na Katito. Masimulizi ya Wajaluo yanasema hapo palikuwa na kijiji kilichozama usiku mmoja baada ya kumnyima mwanamke mzee mahali pa kulala. Wanasayansi wanalijua kwa sababu nyingine. Maji yake yana magadi mengi, na kipimo chake cha pH ni karibu 10, hali ambayo samaki wa Ziwa Victoria hawangeistahimili. Pamoja na hayo, maji ni ya kijani kibichi kwa wingi wa bakteria wa usanisinuru, hasa aina inayoitwa Arthrospira ambayo ndiyo chakula cha heroe. Chini kabisa hakuna oksijeni, na humo huishi bakteria wa namna tofauti. Umbali mfupi tu unatenganisha maji matamu ya Ziwa Victoria na ulimwengu wenye kemia tofauti kabisa, na uhai umejaa pande zote mbili.

Maziwa ya magadi yamepata uzito mkubwa katika elimu hii kwa sababu ya Enseladasi, mwezi wa Zohali wenye kipenyo cha kilomita 500 hivi. Mwaka 2005 chombo Cassini kiliona mvuke na chembe za barafu zikiruka kutoka nyufa za kusini mwa mwezi huo, na baadaye kikapita ndani ya mvuke huo na kuupima. Chini ya barafu kuna bahari. Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba mvuke una hidrojeni, ambayo ni chakula cha baadhi ya bakteria wa chini ya bahari Duniani. Mwaka 2023 watafiti waliosoma takwimu za Cassini walitangaza kwamba chembe za barafu zina fosfati, kiungo cha lazima cha DNA na cha utando wa seli. Bahari hiyo ina chumvi za sodiamu kaboneti, yaani ni maji ya magadi. Sababu ya fosfati kuwa nyingi humo inajulikana kutokana na maziwa kama Magadi, kusini mwa Kenya: kaboneti hukamata kalisi, na fosfati, ikikosa kalisi ya kushikamana nayo, hubaki imeyeyuka majini. Mwaka 2020 Jonathan Toner na David Catling wa Chuo Kikuu cha Washington walieleza kwamba maziwa ya namna hiyo huenda ndiyo yaliyotoa fosfati wakati uhai wa Duniani ulipoanza. Kwa hiyo kemia ya magadi ya Kenya inasaidia kueleza asili ya uhai hapa, na inaelekeza pa kuutafuta kwingine. Miezi ya Mshtarii nayo inaelekewa: chombo Juice cha Ulaya kiliruka Aprili 2023 na Europa Clipper cha Marekani Oktoba 2024, na vyote viwili vinatarajiwa kufika mwanzoni mwa muongo wa 2030.

Mawe kutoka angani ndiyo njia ya pili, na hapa Afrika Mashariki imetoa mchango ambao vitabu vya shule haviutaji. Tarehe 16 Desemba 1938 kimondo kidogo, chenye uzito wa gramu 705 hivi, kilianguka Ivuna karibu na Ziwa Rukwa, Tanganyika ya wakati huo. Ni cha aina adimu sana yenye kemia inayokaribiana na ile ya Jua, ukiondoa gesi, na yenye maji yaliyofungwa ndani ya udongo wa mwamba. Herufi I katika jina la kundi lake, CI, ni ya Ivuna. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2001 ulikuta ndani yake amino asidi, ambazo ni matofali ya protini. Japani ilipoleta gramu 5.4 za mchanga wa asteroidi Ryugu Desemba 2020, wanasayansi waliulinganisha na kimondo cha Ivuna na wakakuta ni wa aina moja. Mchanga wa asteroidi Bennu, ulioletwa na Marekani Septemba 2023, ulikutwa na amino asidi 14 kati ya 20 zinazotumiwa na viumbe wa Dunia, pamoja na besi zote tano za DNA na RNA.

Matokeo ya Bennu yana dalili nyingine ambayo kila mwanafunzi wa kemia anaweza kuielewa. Amino asidi nyingi huwa na maumbo mawili, la mkono wa kushoto na la mkono wa kulia. Viumbe hai hujenga protini kwa umbo la kushoto karibu peke yake. Kwenye mchanga wa Bennu maumbo yote mawili yalikuwa karibu sawa kwa idadi. Hivyo matofali yalikuwapo, lakini hapakuwa na alama ya mjenzi. Kimondo kilichoanguka Thika asubuhi ya tarehe 16 Julai 2011 hakina kemia tajiri kama ya Ivuna, lakini kilionyesha kwamba mawe haya huanguka kwenye mashamba ya watu wa kawaida, na kwamba kinachofuata hutegemea mwenye shamba anajua nini.

Njia ya tatu ni mwanga. Mfano wake umeelea kwenye Ghuba ya Winam kwa zaidi ya miaka thelathini: gugumaji. Mmea huo ulifika upande wa Kenya karibu na mwanzo wa miaka ya 1990, na kufikia 1998 ulikuwa umefunika zaidi ya hekta 17,000. Wavuvi wa Dunga walishindwa kutoa ngalawa zao, na bandari ya Kisumu ikazibwa. Ukubwa wa eneo hilo ulijulikana kwa setilaiti. Jani hai hunyonya mwanga mwekundu kwa ajili ya usanisinuru na kurudisha kwa nguvu mwanga wa infraredi ambao jicho haliuoni. Mahali rangi nyekundu inapoishia na infraredi inapoanza, mwanga unaorudi kutoka kwenye jani hupanda ghafla. Maji hayafanyi hivyo, wala mwamba, wala mchanga. Setilaiti inayopima rangi hizo mbili hutofautisha gugumaji na maji kutoka urefu wa mamia ya kilomita, bila mtu kugusa jani.

Mpando huo ni mojawapo ya dalili zinazofikiriwa kwa sayari za mbali. Tarehe 8 Desemba 1990 chombo Galileo kilipita karibu na Dunia kikielekea Mshtarii, na Carl Sagan na wenzake wakakitumia kuuliza kama uhai wa Dunia ungegunduliwa na mgeni asiyejua lolote. Makala yao ilichapishwa mwaka 1993. Galileo iliona oksijeni nyingi, methani iliyopo pamoja na oksijeni hiyo ingawa gesi hizo mbili huangamizana, mpando wa rangi ya majani, na mawimbi ya redio yaliyopangwa. Kwa pamoja, dalili hizo zilitosha. Tangu hapo, swali la sayari za mbali limekuwa lilo hilo: je, hewa yake ina mchanganyiko wa gesi ambao usingedumu bila kitu cha kuujaza kila mara?

Darubini ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021, husoma hewa hiyo sayari inapopita mbele ya nyota yake, kwa kuwa kila gesi humeza rangi zake za mwanga. Wakenya wana sayari mbili zenye majina yaliyopendekezwa kutoka kwao. Mwaka 2019 Umoja wa Kimataifa wa Falaki uliipa nyota HD 83443 jina Kalausi, ambalo ni la Kijaluo kwa chamchela, na sayari yake ukaiita Buru, yaani vumbi. Buru ni sayari ya gesi inayozunguka nyota yake kwa siku tatu hivi, ikiwa na joto lisilovumiliwa na kiumbe kinachojulikana. Mwaka 2023 sayari GJ 1214 b iliitwa Enaiposha na nyota yake Orkaria, kwa majina ya Kimaasai. Enaiposha iko umbali wa miaka ya nuru 48 hivi, na Webb imeona kwamba imefunikwa na ukungu mzito. Sayari hizi mbili hazitarajiwi kuwa na uhai, lakini ni mifano mizuri ya kufundishia kwa nini sayari nyingi hazifai.

Kisumu iko kilomita kumi hivi kusini mwa ikweta, na mstari wenyewe unapita Maseno. Kwa hiyo anga lote la kaskazini na la kusini huonekana kutoka hapa kwa nyakati tofauti za mwaka. Nyota tatu zinazochunguzwa kwa bidii, yaani TRAPPIST-1 yenye sayari saba zenye miamba, K2-18 na Orkaria, hupita karibu na utosi wa anga la Kisumu. Macho peke yake hayazioni, na mitaani taa ndefu za mulika mwizi huficha hata nyota za kawaida. Lakini mwalimu anaweza kuonyesha mahali zilipo, na mwanafunzi akajua kwamba kinachojadiliwa kiko juu ya paa la nyumba yao.

Njia ya nne, ya redio, inahitaji maneno machache. Frank Drake aliianza mwaka 1960 huko Green Bank, Marekani, kwa kusikiliza nyota mbili. Leo darubini ya MeerKAT ya Afrika Kusini, yenye dishi 64, hutumika pia kwa kazi hiyo, na itaunganishwa na darubini kubwa zaidi ya SKA, ambayo Kenya ni mojawapo ya nchi nane washirika wa Afrika. Hakuna ujumbe uliothibitishwa. Hesabu yenyewe ni ya uvumilivu: nyota zilizosikilizwa vizuri ni sehemu ndogo sana ya zilizopo.

Jambo linalounganisha njia zote nne ni tahadhari. Agosti 1996 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba kimondo ALH84001 cha kutoka Mirihi kina mabaki ya viumbe vidogo. Kila dalili waliyoitaja ikaja kupata maelezo yasiyohitaji kiumbe. Aprili 2025 timu ya Nikku Madhusudhan wa Cambridge ilitangaza kwamba hewa ya sayari K2-18b huenda ina daimethili salfaidi, gesi ambayo Duniani hutolewa hasa na viumbe vya baharini. Timu nyingine zilipochambua takwimu hizohizo hazikuona ushahidi wa kutosha. Mwaka 2021 wanasayansi wa NASA walipendekeza ngazi saba za kupanda kabla ya kutangaza uhai, kuanzia kuona dalili, kuhakikisha haikutokana na uchafu wa vifaa, kuondoa maelezo yasiyo ya uhai, hadi watafiti wengine kuithibitisha kwa njia nyingine. Habari za redio na za simu huruka kutoka ngazi ya kwanza hadi ya saba kwa sentensi moja. Shule ndiyo mahali pa kufundisha ngazi zilizo katikati.

KSA yenyewe imeonyesha jinsi jambo la anga linavyoweza kuelezwa kwa umma. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa karibu kilo 500 ilianguka kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni. Ndani ya siku chache Shirika lilikuwa limefika, limeichukua na kueleza kwamba ni sehemu ya roketi. Taharuki ilitulia kwa sababu ofisi yenye dhamana ilizungumza mapema na kwa ushahidi.

Kwa msingi huo, mambo yafuatayo yanaombwa.

Kwanza, KICD iingize utafutaji wa uhai nje ya Dunia katika Sayansi Jumuishi ya shule za sekondari msingi na katika masomo ya mkondo wa sayansi na teknolojia ya shule za sekondari pevu, ambazo zimepokea Gredi ya 10 kwa mara ya kwanza mwaka 2026. Mada isisimame peke yake. Bakteria na Viking viende kwenye biolojia, magadi na Enseladasi kwenye kemia, mwanga wa gugumaji na darubini ya Webb kwenye fizikia.

Pili, KSA itoe kwa shule, bila malipo, picha za setilaiti za Ghuba ya Winam za miaka mbalimbali, zikiwa na rangi nyekundu na infraredi tofauti, pamoja na zoezi la kupima eneo la gugumaji. Kenya imekuwa na setilaiti yake ya kuangalia ardhi, Taifa-1, iliyorushwa tarehe 15 Aprili 2023. Picha za zamani za setilaiti za Landsat ni za bure kwa umma. Kinachokosekana ni mtu wa kuziandaa kwa ajili ya darasa.

Tatu, shule za Manyatta, zikiwemo zile za kibinafsi za gharama nafuu ambazo hazina maabara, zipewe vifaa vya kupimia bakteria wa maji na kuunganishwa na Chuo Kikuu cha Maseno na kituo cha Kisumu cha Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi (KMFRI). Zoezi hili lina faida mbili: mwanafunzi hujifunza mbinu ya Viking, na familia hujua hali ya kisima chake.

Nne, Simbi Nyaima itambuliwe katika mwongozo wa walimu kama darasa la nje la sayansi ya uhai, na ziara zipangwe pamoja na wakazi na walinzi wa hifadhi, kwa utaratibu usiowasumbua ndege wala kuchafua maji. Ziwa likiharibika, hakuna lingine la namna yake kwenye ufuko huu.

Tano, KSA pamoja na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya waweke utaratibu rahisi wa kuripoti kimondo kinachoanguka: nani apigiwe, jiwe lihifadhiwe vipi bila kuoshwa wala kushikwa ovyo, na mwenye shamba atendewe haki gani. Kipande cha kila kimondo cha Kenya kibaki nchini, na Makavazi ya Kisumu yapate kimoja cha kuonyesha watoto.

Sita, kila tangazo kubwa la uhai wa mbali linapotokea, KSA itoe maelezo mafupi kwa Kiswahili, na kwa redio za ukanda huu kwa Kijaluo, yakitaja ushahidi umefika ngazi gani kati ya zile saba na kipi bado hakijathibitishwa.

Kati ya maombi haya sita, hakuna linalodai roketi wala darubini mpya. La tatu na la pili ndiyo ya kuanza nayo, kwa kuwa maji ya kupima na picha za ghuba tayari vipo, na mwalimu mmoja aliyeandaliwa anaweza kuvitumia katika muhula unaofuata.

Manyatta, Kisumu